Diski ya Mazishi ya James Odoyo

Pale Rangwe, ukitaka kujua nani kaoa, nani kaachwa, na nani karudi kutoka Nairobi na gari ambalo si lake, huna haja ya kuichosha miguu. Peleka simu yako ikachajiwe kwa Risper Akoth, keti kwenye benchi, na kabla betri haijafika nusu utakuwa umeshiba habari. Duka lenyewe ni chumba kimoja kando ya barabara ya kwenda Homa Bay: meza ya kutengenezea kompyuta, kabati la nyaya, na benchi mbili ambazo hazijawahi kupoa. Risper husema duka lisilo na watu ni ghala la panya. Akiwa na bisibisi mkononi na kompyuta ya mtu imefunguliwa matumbo mbele yake, bado atakuuliza, "Enhe, halafu yule mwanamke akasemaje?"

Siku Ken alipoleta diski ilikuwa siku ya soko. Dorine, fundi cherehani wa duka la pili, alikuwa amehamia kwa Risper kama kawaida yake, shati la mtu magotini, sindano mkononi, mdomo ukifanya kazi kuliko sindano. Mzee Stanley, anayeshika maikrofoni kwenye mazishi yote makubwa ya upande ule, alikuwa amekaa karibu na mlango ili pasipite mtu bila kumwamkia. Ken akaingia na kitu alichokifunga kwa taulo.

Huyu ni Ken wa Video. Harusi ni yeye, ubatizo ni yeye, mazishi ni yeye, na usiku wa matanga ni yeye tena anayeleta spika.

"Kenny wangu," Dorine akamtania, "mtoto huyo umemwokota wapi?"

Ken hakucheka. Aliweka taulo mezani akaifunua kama mtu anayefunua kidonda. Ndani mlikuwa na diski ya kompyuta, bapa, ya chuma, ukubwa wa kitabu cha nyimbo cha kanisani, nayo ilikuwa imetokwa na jasho kama chupa ya soda.

"Mbona imelowa?" Risper akauliza.

"Imetoka kwenye friji."

"Friji gani?"

"Ya soda. Pale hotelini. Watu walisema ikipoa inaamka."

"Watu gani?"

"Watu tu, Nyar Kochia," Ken akajibu, akimwita kwa heshima binti wa Kochia.

"Na kabla ya friji?"

Ken akajikuna shingo. "Niliianika juani kidogo. Kama betri ya redio."

"Na kabla ya jua?"

"Niliigonga. Lakini polepole! Kwa kiganja."

Benchi zote mbili zikaangua kicheko. Mzee Stanley alicheka mpaka akashika goti. Ken akasubiri wamalize, ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Mazishi ya James Odoyo yako humo."

Dorine akaichomeka sindano kwenye kola ya lile shati, akaiacha hapo.

Hakuna aliyekuwa mle ndani ambaye hakujua maana ya maneno hayo. James Odoyo alikuwa mwashi, na nusu ya kuta za Rangwe zina mkono wake. Mkewe ni Susana Bhoke, Mkuria wa upande wa Kehancha, mwanamke mpole ambaye Kijaluo chake bado kinachechemea, kwa hiyo watu huongea naye Kiswahili. Msimu wa miwa, wawili hao walikuwa kwenye pikipiki pale Awendo, wakipishana na trela zilizojaa miwa, wakaanguka. James hakuinuka. Susana alibebwa hadi hospitalini Migori, nyonga imevunjika, akili imelala, na siku zikapita bila hata kufumbua jicho. Wazee wakangoja. Wakangoja tena. Mwishowe wakasema, maiti haiwezi kukaa ikimsubiri mtu ambaye hatujui kama atarudi. Wakamzika mwana wao nyumbani kwake.

Susana aliporudi kwa magongo alikuta saruji ya kaburi imeshakauka.

Tangu hapo alikuwa na neno moja: "Sijamwona akishuka." Watu walimsimulia. Nani hakumsimulia! Mmoja alisema jeneza lilikuwa la rangi ya kahawia, mwingine akasema ni jeupe, wa tatu akaapa kwamba lilikuwa na vioo pande zote. Susana aliwasikiliza wote, akawashukuru wote, na kesho yake akauliza upya, kama mtu aliyeelezwa njia ya nyumba asiyoifahamu. Usiku hakutia komeo mlangoni. James, alisema, huchelewa kazini. Mama mkwe wake alikuwa ameanza kumwogopa.

Kilichobaki ni mkanda wa Ken. Kila wiki Susana alimtumia ujumbe, na kila wiki Ken akajibu kwamba anaupanga vizuri, atie nyimbo, atie majina. Huko kutaka kupendezesha ndiko kulikomponza. Mkanda ulikuwa bado umo ndani ya kompyuta yake alipoitwa Ndhiwa kupiga muziki kwenye sherehe ya ukumbusho.

"Sasa niambie ukweli," Risper akasema. "Kompyuta uliiweka wapi huko Ndhiwa?"

Ken akatazama chini. "Juu ya spika."

"Spika ipi?"

"Ile ya besi."

Na hapo usimhukumu Ken haraka, maana upande ule wote hufanya hivyo. Chini pana tope, pana mbuzi, pana mlevi anayetafuta mahali pa kukaa. Meza zote zina sufuria. Mahali salama pa kuweka kompyuta, machoni pa kila mpiga muziki kutoka Ndhiwa mpaka Migori, ni juu ya lile kabati la spika lenye urefu wa mtu. Ken aliiweka juu, akafungua nyimbo kutoka kwenye diski hiyohiyo, akaongeza sauti. Watu walipokolea, nyimbo zikaanza kugugumia. Halafu kimya.

Risper hakumgombeza. Alivuta stuli akaketi mbele yake.

"Ken, hii si redio. Ndani mna sahani, zinang'aa kama kioo, zinazunguka mbio kuliko feni. Juu ya kila sahani kuna mkono mwembamba, na kwenye ncha ya mkono kuna kichwa kinachosoma. Kile kichwa hakigusi sahani. Kinaelea. Umewahi kumwona mbayuwayu akipita juu ya ziwa pale Homa Bay, tumbo karibu na maji, na hata unyoya haulowi? Ndivyo. Nafasi iliyo kati ya kichwa na sahani hata punje ya moshi haipenyi. Sasa wewe umemchukua huyo ndege ukampigia besi chini ya kifua usiku kucha."

"Mayoo," Dorine akasema.

"Akajigonga majini," akasema Mzee Stanley.

"Akajigonga. Na kila ulipoiwasha tena uone kama imepona, akajigonga tena."

Ken akafunika uso kwa viganja vyake vinene.

Risper hakuiunganisha diski siku hiyo. Aliifuta, akaiweka ndani ya mkebe pamoja na vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyotoka kwenye viatu vipya, akaufunga. Mtu mmoja kwenye benchi akashauri mchele. Risper akamjibu kwamba mchele ni wa kula.

Kesho yake alianza na yale yasiyo na madhara, kama mtu anayeulizia kwa majirani kabla ya kumwita mwenzake mwizi. Huenda ni umeme: akabadilisha waya wa umeme. Huenda ni kebo ya kupitisha data: akatoa yake mwenyewe ambayo haijawahi kumdanganya. Akabadilisha tundu, akabadilisha hata kompyuta. Kisha akaiwasha kwa muda mfupi tu, sikio lake karibu na chuma. Diski nzima huvuma kama kinu cha posho kinachosikika kutoka kijiji cha pili. Hii ilivuma vizuri, ikatulia, halafu ikaanza: tik. Tik. Tik.

Mara ya kwanza kompyuta iliitambua kwa jina lake. Mara ya pili ikaiona kama mgeni asiye na jina wala ukubwa, ikauliza kama iifomati, yaani iifute yote ianze upya.

"Kubali basi," Ken akasema, akinyoosha kidole. "Hata nyumbani iliuliza hivyo."

"Na ulijibu nini?" Risper akageuka upesi.

"Nilizima. Niliogopa."

"Basi hapo ndipo Mungu alipokushika mkono. Kufomati ni kuchoma nyumba ukitafuta sindano."

Akaizima. Akampigia simu Mokaya, fundi wa Migori aliyemfundisha kazi, akaweka simu kwenye spika yake ndogo ili asirudie maneno.

"Umeifungua?" lilikuwa swali la kwanza la Mokaya.

"Sijaifungua, mwalimu."

"Usithubutu. Vumbi la hiyo barabara yenu, punje moja tu, kwa hicho kichwa ni jiwe. Inagonga?"

"Inagonga. Lakini kuna wakati inajitaja jina."

"Basi si vichwa vyote vimekufa. Kimoja kimeumia, vingine vinakivumilia. Sikiliza. Kuna mafundi Nairobi wana chumba kisicho na vumbi; wakipata diski pacha wanaweza kuhamisha vichwa. Wakati mwingine wanafaulu, wakati mwingine unarudishiwa chuma. Hapo ulipo wewe una pumzi moja. Usiikopi vile watu wanakopi. Funga diski mpya, tumia ile programu niliyokuonyesha, isome kidogokidogo, ikikwama iruke mbele isishindane nayo. Na uamue mapema unachotaka, Risper. Kila mzunguko inajikwaruza. Haitakungoja ufikiri."

Sasa, ile simu ilikuwa kwenye spika, na benchi zilikuwa zimejaa. Kabla ya saa sita Rangwe yote ilijua kwamba diski ya Odoyo ina pumzi moja. Na kabla jua halijageuka, magongo yalisikika barazani.

Watu wakamwachia Susana benchi nzima. Alikuwa amevaa gauni la kijani na sweta ya mumewe, mikono imekunjwa. Ken aliinuka akasimama kama mwanafunzi.

"Keti, baba," Susana akamwambia. "Sikuja kugombana. Nimekuja kuona ni kipi hicho."

Risper akamwonyesha. Susana akaigusa kwa kidole kimoja, akakitoa.

"Ni ndogo," akasema.

Risper, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa pa kukanyaga, alijikuta anapima kila neno. Akampa habari zote mbili: Nairobi, ambako huenda wakapata yote na huenda wasipate hata kitu, na hapa, ambapo huenda akapata kipande. "Siwezi kukuahidi, mama. Nikikuahidi nitakuwa ninakudanganya."

Susana akafikiri. "Huko Nairobi," akasema, "kuna mtu anamjua Odoyo ni yupi?"

"Hakuna."

"Fanya hapa."

Lilibaki jambo moja, na Risper hakutaka kulisema, lakini kazi ililidai. "Ken. Humo mna nini kingine?"

Ken akahesabu kwa vidole, kisha akaacha kuhesabu. Harusi za mwaka mzima ambazo wenyewe bado hawajakabidhiwa. Ubatizo. Mahafali. Kwaya moja ya Waadventista iliyorekodi nyimbo zake zote. "Wale watu watanila mzima," akasema. Akamtazama Susana, kisha akatazama magongo yaliyoegemezwa ukutani. "Anza na Odoyo. Kitakachobaki, kibaki."

Risper akaiwasha. Diski ikagonga, ikagonga, ikatulia, na kwa neema isiyoelezeka ikatoa orodha ya majina ya faili. Akaipiga picha skrini kwa simu yake na kuizima diski papo hapo. Pumzi hiyo hakutaka kuipoteza kwa kusoma majina.

Kumbe shida ilikuwa imekaa hapo inawangoja. Kamera ya Ken hukata mkanda vipande vipande, na vipande vya siku ile vilikuwa vingi, kuanzia jeneza likitoka mochari hadi watu wakila. Saa ya kamera haikuwa imewahi kuwekwa. Kwa mujibu wake, Odoyo alizikwa miaka kabla hajafa. Kilichojulikana ni mfuatano tu, na ukubwa wa kila kipande.

"Cha kaburini ni kipi?" Risper akauliza.

"Dada yangu, mazishi yote yanafanana."

"Ken!"

"Naapa sikumbuki. Labda cha mwisho?"

"Cha mwisho ni chakula," Dorine akasema. "Ulinipiga nikila. Nilikukemea."

"Tukianza mwanzo je?" akauliza mtu.

"Tukianza mwanzo itatufia kwenye hotuba," Risper akajibu. "Mnajua hotuba zilivyokuwa."

Walijua. Mzee Stanley akakohoa, akanyoosha koti. "Mimi ndiye niliyeendesha ratiba, kwa hiyo nisikilizeni. Hotuba zilikwisha, mchungaji akahubiri, tukaenda kaburini, ndipo mvua ikanyesha."

"Wapi!" Dorine akaruka. "Mvua ilinyesha kwanza!"

"Nyathina, mtoto wangu, mimi ndiye niliyekuwa na maikrofoni!"

"Na ulikuwa chini ya hema na maikrofoni yako. Sisi tulikuwa kwenye tope. Kiatu changu kilibaki kwenye ule udongo wa kaburi, nikakivuta kwa mikono miwili mbele ya mchungaji. Kama mvua haikuwa imenyesha, hilo tope lilitoka wapi?"

"Kweli," akasema mwingine kutoka nyuma. "Mvua ilikuja mhubiri akiwa kwenye amina. Watu wakakimbilia kwenye hema."

"Hata Ken alikimbia. Aliifunika kamera kwa fulana yake akabaki tumbo wazi."

"Kwani hamkuona lile tumbo?"

Vicheko vikaanza kupanda, kisha vikafa kimoja kimoja, kwa sababu mtu alimkumbuka Susana. Alikuwa amekaa palepale, shingo imeinama kidogo upande mmoja, kama anayesikiliza mlango wa mbali.

Dorine akaweka mkono mdomoni. "Tusamehe, mama."

"Endeleeni," Susana akasema. Kisha, "Alinyeshewa?"

Risper, ambaye naye alikuwepo siku ile, akaona kwamba ni zamu yake. "Jeneza lilikuwa nje, tayari karibu na kaburi. Ndugu zake walivua makoti wakalifunika. Wakasimama wao kwenye mvua mpaka ikapita."

"Hilo hawajaniambia," Susana akasema.

Ken akaanza, polepole, kama mtu anayeokota kitu gizani: "Kama nilikimbia... basi nilizima kamera haraka. Basi kuna kipande kifupi."

Risper akainua simu, akaipanua ile picha. Vipande vyote vilikuwa vikubwa, karibu sawa, isipokuwa kimoja karibu na mwisho, kidogo kama mtoto katikati ya watu wazima. "Hiki ni mvua," akasema. "Baada ya mvua?"

"Kwaya iliimba wimbo mmoja," Mzee Stanley akasema, sasa bila kiburi. "Halafu kaburi. Nakubali. Halafu kaburi."

"Basi ni kinachofuata hiki kifupi."

Risper akafungua kasha la kompyuta yake bora zaidi. Akaitelezesha diski mpya kwenye nafasi yake, akakaza skrubu nne, maana diski iliyolegea hujitikisa yenyewe, akaiunganisha umeme na kebo, akahakikisha imetambulika. Ile diski mgonjwa hakuifunga ndani. Aliilaza juu ya sifongo, mezani, peke yake, waya zake zimenyooka. Akachomeka kila kitu kwenye betri ya akiba, kwa sababu stima ya Rangwe haina adabu. Akazima feni.

"Na hiyo?" akauliza, akiinua kidole. Ng'ambo ya barabara, hoteli ilikuwa imefungulia redio, na jirani wa upande wa pili alikuwa akigonga mabati.

Dorine hakungoja kutumwa. Alitoka, na kupitia mlangoni walimwona akienda duka hadi duka, hapa anainamia dirisha, pale anashika mtu bega. Redio ya hoteli ikazimwa. Nyundo ya mabati ikakoma. Kinyozi akazima mashine yake, mteja akabaki na kichwa nusu. Kinu cha posho kikanguruma kwa mara ya mwisho, kikashuka. Wauza nyanya wakaanza kupatana bei kwa minong'ono. Barabara nzima ilinyamaza kama siku gari la maiti linapopita, na wengi wa walionyamaza walishawahi kukanyaga matope ya mazishi yale.

Risper akabonyeza.

Diski ikavuma. Tik. Tik. Ikashika. Kwenye skrini mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulitambaa vizuri, Risper akaona anaweza kupumua, kisha ukasimama. Programu ikaruka mbele, ikaacha pengo, ikashika tena. Hapo ndipo palikuwa na kichwa kilichoumia. Kila ilipofika zamu yake palibaki shimo. Hakuna aliyejua kinachopotea ndani ya mashimo hayo ni uso, ni mwavuli, au ni udongo. Susana hakutazama skrini. Alitazama diski, midomo ikisogea bila sauti, vile mtu husogeza midomo kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mstari ukafika mwisho.

"Nimekipata," Risper akasema. "Kina matobo, lakini kipo."

Ken akasogea. "Jaribu harusi moja tu, Nyar Kochia. Moja tu."

Akajaribu. Diski ikazunguka, na badala ya tik ikatoa sauti ya msumari juu ya sahani ya bati, ndefu, iliyowafanya watu wang'ate meno. Ikashuka. Ikasimama. Risper akaizima umeme, akangoja, akawasha tena mara moja. Haikuzunguka.

"Basi," Ken akasema. Akaichukua diski yake ikiwa bado na joto, akaifunga tena kwa taulo, akaiweka mapajani. Hakuna aliyemtania.

Risper akaigeuza skrini imwelekee Susana, kisha akaenda mlangoni akashika kipini. Kwa miaka yote ya duka lile hakuna aliyewahi kumwona akifunga mlango mchana. "Watu watoke kidogo," akasema, "uone ukiwa peke yako."

"Usifunge," Susana akasema. "Mtu hazikwi na mtu mmoja."

Wakabaki. Waliokuwa nje wakasogea dirishani. Susana akataka magongo yake, akasimama, na alipofanya hivyo benchi zote zikasimama naye. Mzee Stanley akavua kofia.

Picha ikaja. Tope. Miavuli inafungwa. Kwaya inamalizia wimbo, nguo zimeshika miili. Jeneza ni la kahawia, na juu yake makoti manne yaliyolowa, wanaume wanayaondoa moja moja. Picha ikavunjika ikawa vipande vya mraba, kijivu na kijani, sauti ya mchungaji ikakatika katikati ya neno. Susana alikaza mikono kwenye magongo. Picha ikarudi. Kamba zimepitishwa. Wanaume wanashusha, upande mmoja unawahi, na sauti inasikika, "Mos! Mos!" polepole, wanasawazisha, na jeneza linashuka, linashuka, mpaka kilichobaki kuonekana ni kamba tu zikilegea mikononi mwa watu.

Shimo lingine. Kisha dada yake James anaonekana ukingoni, kitambaa kimemteleza kichwani, amechota udongo mara moja, akautupa, akachota mara ya pili. Kabla hajautupa akasema kitu, na maikrofoni ya kamera ikakidaka wazi: "Ma mar Bhoke."

Huu ni wa Bhoke.

Kwa Susana Bhoke, Kijaluo hicho hakikuhitaji tafsiri. Gongo moja likaanguka sakafuni. Risper alimshika kiunoni, akihisi mwili wote unakusanya pumzi kutoka nyayoni, kisha Susana akaachilia nduru. Aliipiga Kikuria, lugha ya kwao, jina la mumewe ndani yake, ndefu, ikipanda, na katika barabara ile iliyonyamazishwa hakuna kitu kilichoizuia. Ilipita juu ya soko ikafika kituo cha pikipiki.

Na upande ule nduru haiulizwi. Ukiisikia unatupa ulichoshika. Wanawake waliacha nyanya zao, wanaume wa pikipiki wakaja mbio, mwenye kichwa nusu akaja na shuka ya kinyozi shingoni, hata watu wa kutoka mbali, waliokuwa wakipita njia tu, ambao Odoyo hawakumjua. Walijaa barazani, wakajaa barabarani, wakinyoosha shingo.

"Ni nani?" wakauliza walio nyuma. "Nani amekufa?"

Dorine alisimama mlangoni, macho mekundu. Huyu mwanamke asiyewahi kuuza habari iliyochacha akawatazama wote waliofika.

"James Odoyo," akasema. "Mume wa Susana."

Wengi wao walikuwa wamemzika kwa mikono yao. Hakuna aliyesema kwamba anajua. Mwanamke mmoja aliyekuja na karai la dagaa wa omena kichwani akalitua chini, akaitikia kwa nduru yake, na wengine wakapokea.